Milango ya Fahamu: Ikague Mmoja Mmoja

Chukua karatasi nyeupe na kalamu ya wino mzito. Upande wa kushoto andika X. Upande wa kulia, sentimita 8 kutoka hapo, chora duara lenye ukubwa wa punje ya hindi na ulijaze wino. Sasa funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulikandamiza, nyoosha mkono ulioshika karatasi, kisha kwa jicho la kulia itazame ile X na usiiache. Isogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Ikikaribia sentimita 30 hivi, duara litatoweka. Endelea kuisogeza nalo litarudi.

Edme Mariotte, mwanasayansi wa Ufaransa, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1660. Nyuma ya jicho umetandazwa utando wa retina, wenye seli zaidi ya milioni 100 zinazopokea mwanga. Lakini pale ambapo neva ya jicho inatoka kwenda kwenye ubongo, hakuna hata seli moja ya kazi hiyo. Kila jicho la binadamu, hata lililo zima kabisa, lina doa hilo la upofu. Rudia jaribio, safari hii ukiwa umepitisha mstari mnyoofu katikati ya duara, kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi. Duara litakapotoweka, utauona mstari umeendelea bila kukatika. Ubongo umelijaza pengo kwa kile ulichokikuta pembeni mwake.

Jaribio hili ndilo linaloeleza kwa nini watu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Ubongo hautoi taarifa ya kitu ambacho haukuletewa. Huziba na kuendelea. Jicho moja likififia, la pili hubeba mzigo wote. Sikio likipoteza sauti nyembamba, akili hukisia neno kutokana na midomo ya msemaji. Nyayo zikifa ganzi, macho huziongoza hatua. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi akiamini kwamba yu mzima. Ndiyo maana katika mwongozo huu kila kiungo kitaulizwa peke yake, na mwenzake akiwa amefungwa. Vifaa karibu vyote unavyo nyumbani. Majaribio haya hayachukui nafasi ya daktari, kazi yake ni kukuonyesha ni wakati gani usingoje zaidi.

Jicho moja baada ya jingine

Mwanga unaoingia jichoni hupokewa kwanza na konea, kioo angavu cha mbele, ambayo hufanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kuukunja ili picha itulie. Baada ya hapo hupita kwenye mboni, tundu jeusi linalosinyaa juani na kutanuka gizani, kisha lenzi humalizia kazi: hunenepa unapotazama karibu, hubapa unapotazama mbali. Picha huangukia kwenye retina ikiwa imepinduka juu chini, na neva yenye nyuzi zipatazo milioni moja huipeleka habari hiyo sehemu ya nyuma ya ubongo.

Ukivuka miaka arobaini, lenzi huanza kukakamaa na haiwezi tena kunenepa inavyotakiwa. Ndipo unapojikuta unaisogeza simu mbali ili usome ujumbe. Huo si ugonjwa, na miwani ya kusomea inatosha. Hata hivyo, usiinunue kabla mtu mwenye ujuzi hajayatazama macho yako kwa ndani, angalau mara moja, kwa sababu nitakayoieleza punde.

Anza na macho ya mbali. Chagua maandishi yasiyosogea: kalenda ukutani, bango la duka la ng'ambo ya barabara. Funika jicho moja usome, kisha ubadilishe. Unatafuta tofauti kati ya jicho na jicho. Kama la kulia linasoma mstari ambao la kushoto halioni, umepata habari ambayo macho mawili yakifanya kazi pamoja yasingekupa kamwe. Kliniki utapimwa kwa ubao wa herufi unaotokana na ule wa Herman Snellen, daktari wa Uholanzi aliyeutoa mwaka 1862, na utaandikiwa tarakimu mfano wa 6/18. Maana yake ni hii: ukiwa umesimama mita 6 kutoka kwenye ubao, unaona kile ambacho jicho zima lingekiona kwa umbali wa mita 18. Waulize, wakueleze, na uitunze karatasi hiyo ili upate cha kulinganishia mwaka ujao.

Jaribio la pili linahitaji daftari la hesabu lenye miraba. Weka nukta katikati ya ukurasa, vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, shika daftari kwa sentimita 30 na uitazame nukta kwa jicho moja. Mistari yote iwe imenyooka na miraba iwe sawa. Mistari ikipinda, ikicheza au ikiwa na sehemu iliyofutika, kuna tatizo katikati ya retina, mahali tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu. Mwenye kisukari hasa asilipuuze hilo, kwa kuwa sukari iliyopanda kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu ya retina bila maumivu yoyote. Tena asisubiri dalili: macho yake yapigwe picha ya ndani au yatazamwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Sasa ile sababu. Upo ugonjwa ambao hakuna jaribio la nyumbani litakaloukamata mapema, nao ni presha ya jicho, ambayo wengine huiita glakoma. Neva ya jicho hufa kidogo kidogo, mara nyingi kwa sababu ya msukumo mkubwa wa majimaji ndani ya jicho. Kinachoanza kupotea ni uoni wa pembeni, na pembeni ndiko ubongo unakoziba mapengo kwa ustadi mkubwa. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema zaidi, na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua yumo hatarini kuliko wengine. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki hulindwa kwa dawa ya matone ya kila siku au kwa upasuaji. Mtoto wa jicho ni jambo jingine kabisa: pale lenzi imeingia ukungu, na upasuaji wa muda mfupi huitoa na kuweka lenzi ya bandia, mtu akaona tena. Mzee anayeambiwa kwamba kutoona vizuri ni uzee tu anastahili kujua ni lipi kati ya hayo mawili alilonalo, na hilo hujulikana kwa kupimwa presha ya jicho na kutazamwa neva yake. Kuanzia miaka 40, fanya hivyo. Kama ugonjwa umo kwenye ukoo, anza mapema zaidi.

Kwa watoto nina ombi moja kwa kila mzazi mwenye simu ya kamera. Tazama picha zilizopigwa kwa mwanga wa taa ya simu. Mboni za mtoto huonekana nyekundu au nyeusi. Mboni moja iking'aa nyeupe katika picha zaidi ya moja, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo: inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo ikiwahiwa hutibika. Makengeza yasiyoisha baada ya miezi minne ya kuzaliwa nayo yapelekwe. Jicho lililopinda likiachwa, ubongo wa mtoto hujifunza kulipuuza, na akishapita miaka saba au minane ni vigumu sana kuurudisha kwenye mazoea ya kulitumia.

Halafu kuna mambo tunayoyaweka machoni kwa mikono yetu wenyewe. Wanja wa kusaga, hata ule unaosifiwa kuwa wa asili, mara nyingi huwa na madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto mchanga. Maziwa ya mama, maji ya sukari na utomvu wa majani huingiza vijidudu. Lakini kinachonitia hofu kuliko vyote ni matone yenye steroidi yanayouzwa dukani bila cheti cha daktari kwa ajili ya macho yanayowasha. Yanatuliza kweli, na kwa sababu hiyo watu huyarudia miezi na miaka, huku yakipandisha presha ya jicho na kukuza mtoto wa jicho. Soma boksi. Ukiona deksamethasoni au prednisoloni, hiyo ni dawa ya kutumiwa kwa siku zilizopangwa na daktari, basi.

Sikio linalosikia bila kuelewa

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia kwenye tundu la sikio ikakitikisa kiwambo, nacho kikavitikisa vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku, chenye urefu wa milimita 3 hivi, ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, na kazi yake ni kuyasukuma majimaji yaliyo ndani ya koklea, mfereji uliojizungusha mara mbili na nusu kama nyumba ya konokono. Humo mna seli zenye vinywele, zipatazo 15,000 katika kila sikio, na ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa umeme wa neva. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961, alionyesha kwamba wimbi la sauti husafiri ndani ya koklea, na kila sauti hufikia kilele chake mahali pake: nyembamba karibu na mlango, nzito kule ndani mwisho.

Jambo hilo la mahali lina uzito mkubwa nyumbani kwako. Seli za karibu na mlango ndizo zinazoumia kwanza, kwa kelele na kwa umri, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Kwa hiyo sauti nyembamba hutangulia kupotea. Irabu zetu ni nzito na zina nguvu. Konsonanti za s, sh, f, p na t ni nyembamba na dhaifu. Babu atasikia kwamba umesema kitu, lakini hatajua kama ni pika, fika au shika. Atalalamika kwamba siku hizi vijana wanamung'unya maneno. Ukimpigia kelele, unaziongeza irabu ambazo tayari anazisikia. Kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga, punguza mwendo wa maneno, na zima redio. Hiyo ni heshima inayomsaidia kweli.

Mpime hivi. Simama nyuma yake kwa urefu wa mkono, kama sentimita 60, ili asisome midomo. Azibe sikio moja kwa kidole na kukichezesha taratibu ili lisisaidie. Toa pumzi, kisha nong'ona tarakimu na herufi tatu zilizochanganyika, mfano 5, B, 6. Akizirudia sawasawa, amepita. Akikosea, nong'ona nyingine tatu. Akipata angalau tatu kati ya zote sita, sikio hilo liko vizuri. Hamia la pili kwa tarakimu na herufi tofauti. Akishindwa, anahitaji kupimwa kwa mashine, na huenda kinachomziba ni nta tu.

Kuhusu nta, iache. Ngozi ya tundu la sikio husogea yenyewe kuelekea nje, ikaibeba nta pamoja na vumbi lake. Kijiti cha pamba huirudisha ndani na kuishindilia karibu na kiwambo. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na ufunguo wa gari hutoboa. Kama sikio limeziba, kituo cha afya kitakulainishia na kukutolea.

Kelele ipimwe kwa akili hii: kama inakubidi upaze sauti sana ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo pamefika desibeli 85 au zaidi. Kiwango hicho masikio hukistahimili kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na kwenye desibeli 100, ambazo spika za harusi huzifikia na kuzipita, una dakika 15. Nawafikiria vijana wanaoshinda kwenye mashine za kusaga nafaka, mafundi wa kukata vyuma, makondakta wa matatu zenye muziki unaotikisa viti. Pamba ya kawaida haisaidii kitu. Tafuta vizibo vya sponji vya masikioni, ambavyo bei yake ni ndogo, na mwajiri ana wajibu wa kuvitoa. Ukitoka kazini masikio yakiwa yanavuma au yameziba, hiyo ni alama kwamba siku hiyo yameumia. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilihesabu zaidi ya watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Sehemu kubwa ya upungufu huo ingeweza kuzuilika.

Zipo dawa zinazoua seli hizo hizo: sindano za gentamaisini, streptomaisini na kanamaisini, na baadhi ya dawa za saratani. Wakati mwingine hakuna budi zitumike, lakini mgonjwa akianza kusikia mlio au kuyumba, amwambie daktari siku hiyo hiyo, asingoje dozi iishe. Na mtu yeyote akiamka sikio moja limekufa ghafla, bila mafua wala nta, hiyo ni dharura. Matibabu yake hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache.

Mtoto mchanga hustuka kwa kishindo. Akifika miezi sita hugeukia sauti ya mama, akifika mwaka huanza neno moja moja. Asipofanya hivyo, akapimwe. Watakuambia kwamba atasema tu, mbona hata baba yake alichelewa. Usikubali, kwa sababu lugha huingia katika miaka ya mwanzo na nafasi hiyo haimngojei mtoto. Usaha unaotoka sikioni nao si dalili ya kuota meno. Likaushe sikio kwa kitambaa safi kilichoviringishwa, usimimine mafuta wala maziwa, na umpeleke kwenye matibabu.

Ndani ya sikio hilo hilo kuna kiungo kingine ambacho watu hukisahau, kile cha mizani: mifereji mitatu nusu duara inayohisi kichwa kinapogeuka, na vifuko viwili vyenye fuwele ndogo vinavyohisi mvuto wa ardhi. Ubongo hulinganisha habari zake na zile za macho na za misuli ya miguu. Zikipingana, tumbo huchafuka. Ndani ya boti ya kwenda Zanzibar macho yanaona kiti kimetulia huku sikio likihisi mawimbi, kwa hiyo kaa katikati ya chombo na utazame mstari wa upeo wa bahari. Fuwele nazo huweza kuchomoka na kuingia kwenye mfereji. Ndipo ukijigeuza kitandani chumba kinazunguka kwa sekunde chache kisha kinatulia. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia huzirudisha kwa kukigeuza kichwa chako kwa hatua maalumu, bila kidonge hata kimoja. Lakini kizunguzungu kilichoambatana na mdomo kupinda, maneno kukwama au mkono kulegea ni kiharusi: hospitali, mara moja.

Karafuu, limau, waridi na mkaratusi

Pika chai ya rangi yenye sukari, iliki na tangawizi. Bana pua, kunywa kidogo, uishike mdomoni. Utapata utamu, na utapata ule moto wa tangawizi kooni. Iliki haipo. Achia pua, na iliki itajaa kichwani papo hapo.

Kikombe hicho kimoja kimekutenganishia fahamu tatu tunazoziita ladha. Utamu umetoka kwenye vinundu vya ladha ulimini, ambavyo hutambua mambo matano tu: tamu, chumvi, chachu, chungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama na uyoga ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliieleza mwaka 1908 na kuiita umami. Moto wa tangawizi umetoka kwenye neva za maumivu na joto. Yote yaliyobaki, yaani iliki, na pamoja nayo pilau, embe na kahawa, ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo hadi juu kabisa ndani ya pua, kwenye kipande kidogo cha utando chenye aina zipatazo 400 za vipokezi. Linda Buck na Richard Axel walizigundua jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991 na wakatunukiwa Nobel mwaka 2004. Kwa hiyo mtu anayesema ulimi wake umekufa baada ya homa, mara nyingi ulimi wake ni mzima na pua ndiyo iliyopotea.

Naomba pia uufute ule mchoro wa ulimi tuliochora shuleni, wenye utamu nchani, uchungu nyuma, na chumvi na uchachu pembeni. Ulitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901. Dondoshea chumvi kwenye ncha ya ulimi, kisha limau: utavipata vyote.

Kupima pua, tumia kahawa iliyosagwa. Funga macho, ziba tundu moja la pua, mtu mwingine akusogezee kahawa au chombo kitupu bila kukwambia ni kipi. Rudia mara kadhaa kwa kila tundu. Usitumie dawa ya kuchua yenye mentoli wala dawa kali za kusafishia choo, kwa sababu hizo huchoma neva za hisia, na hata mtu asiyenusa kabisa atazitambua.

Kama pua imepotea baada ya mafua makali au UVIKO-19, kuna mazoezi yanayosaidia, nayo yamefika kwetu yakiwa na viungo vya mlangoni petu. Mwaka 2009, kundi la Thomas Hummel huko Dresden, Ujerumani, lilichapisha matokeo ya wagonjwa walionusa harufu nne kila siku kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya mazoezi walipata nafuu zaidi kuliko wasiofanya. Msingi wake ni kwamba seli za harufu, tofauti na zile za koklea, hufa na kuzaliwa upya maisha yote, na inaonekana zoezi huzisaidia kuungana tena na ubongo.

Fanya hivi. Tafuta vichupa vinne safi vyenye vifuniko. Katika cha kwanza weka karafuu zilizopondwa, za Pemba ukizipata. Cha pili weka maganda mabichi ya limau, ambayo utayabadilisha kila siku mbili. Cha tatu, pamba iliyolowa marashi ya waridi. Cha nne, majani ya mkaratusi yaliyofikichwa. Asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala, fungua kimoja, nusa kwa pumzi fupi fupi kwa sekunde 10, na wakati huo ikumbuke harufu yenyewe: karafuu juani kwenye mikeka, waridi msibani au harusini. Pumzika kidogo, fungua kinachofuata. Wiki za mwanzo huenda usihisi chochote, au karafuu ikanuka mpira uliochomwa. Harufu iliyopotoka ni afadhali kuliko hakuna, maana kuna kitu kinajaribu kuungana. Endelea hadi wiki 12, na ukiona dalili njema, zidisha. Wakati huo wote mtu mwingine anuse maziwa na nyama kabla hujala, na mtungi wa gesi ufungwe kila ukimaliza kupika, kwa maana harufu mbaya iliyotiwa kwenye gesi ili ikuonye haitakufikia.

Pilipili, na miguu isiyolalamika

Pilipili haina ladha ya ukali. Kiini chake, kapsaisini, hufungua kipokezi cha neva ambacho kwa kawaida hufunguliwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ubongo huletewa habari ya kuungua wakati hakuna kilichoungua. David Julius alikitambua kipokezi hicho mwaka 1997. Mwaka 2021 alipata Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vinavyohisi mguso na msukumo. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kunywa maziwa au mtindi, na ukishakata pilipili paka mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndipo unawe kwa sabuni, kabla hujagusa macho ya mtoto.

Ngozi haina usikivu sawa kila mahali. Shika vijiti viwili vya meno, ncha zikiwa zimeachana milimita 3, umguse mtu aliyefumba macho kwenye ncha ya kidole: atasema ni viwili. Mguse mgongoni, atasema kimoja, na huenda ukalazimika kuvitenganisha hadi sentimita 4 ndipo avitambue. Ncha za vidole zimejaa vipokezi, na ubongo umezitengea eneo kubwa. Mgongo umepewa kidogo.

Nyuzi za neva zilizo ndefu kuliko zote ni zile zinazofika vidole vya miguu, na ndizo sukari huzishambulia mwanzo. Mwenye kisukari hukanyaga msumari, au hutembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu, asihisi. Kidonda huonekana kwa damu kwenye soksi, au kwa harufu. Wengi waliokatwa miguu walianza hivyo. Ukoma nao hujitangaza kwa ganzi: baka la ngozi lililopauka au jekundu ambalo halihisi mguso wa pamba. Ukoma hupona, na dawa zake hutolewa bure. Likionekana baka la namna hiyo, lipelekwe kituo cha afya bila kufichwa.

Kwa mama au baba mwenye kisukari, fanya jaribio hili leo jioni, naye akiwa amelala na miguu mitupu. Mwambie afumbe macho na aseme kulia au kushoto kila akihisi umemgusa. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa kidogo tu ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, sekunde moja au mbili. Usikandamize, usisugue wala usirudie mahali palepale. Kisha kidole cha mwisho cha mguu huo, halafu hivyo hivyo upande wa kushoto, na mwisho kidole cha katikati cha kila mguu. Ni miguso sita. Akikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua: asitembee peku hata ndani ya nyumba, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, maji ya kuoga yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko, na nyayo zikaguliwe kila usiku kwa taa na kioo. Wiki hiyo hiyo mpeleke kliniki ya kisukari, na akifika mbele ya daktari avue viatu na soksi hata kama hajaambiwa.